Nani Anamsemea Debra?

Mke wangu anaitwa Debra Nabututu, na nimekaa hapa kumsifu. Nasema mapema ili asiyependa kusikia mwanamume akimsifu mkewe aondoke sasa, chai yake ikiwa bado moto. Sisi watu wa ziwa hatuoni haya kwa mambo hayo. Kwetu ngoma ikilia, mtu husimama akaikatiza ili watu wajue mama yake ni nani na yeye ni mtoto wa kilima gani, akishamaliza ndipo ngoma inaendelea. Kwa hiyo niacheni niikatize kidogo. Mimi ni Absalom Ondiek, fundi wa kuchomelea vyuma pale Kondele. Ukiona geti lenye ua la chuma kwenye kila pembe, kuanzia Kondele mpaka Manyatta, uliza, utaambiwa ni mkono wangu.

Debra ni mshauri wa maliasili. Watu wakisikia hivyo hutikisa kichwa kwa heshima, halafu huniuliza kando hiyo ni kazi gani. Nami huwaeleza. Chuo kikuu kina watafiti ambao wanajua mambo ya samaki, udongo na mimea. Ufuoni kuna watu ambao wanaishi na mambo hayo hayo kila siku. Debra yuko katikati. Anachukua kile mtafiti alichogundua, anakigeuza kiwe ushauri ambao mama wa samaki anaweza kuutumia kesho asubuhi, halafu anarudi chuoni na maswali ya yule mama na kukaa kwenye mlango wa mtafiti mpaka yajibiwe. Ni kazi ya kuchoka miguu na mdomo, na yeye anavyo vyote viwili vya kutosha.

Alizaliwa Muhoroni. Baba yake, Mzee Wakhisi, alitoka Bungoma kuja kuendesha trekta za miwa, akapewa nyumba kwenye laini za kiwanda cha sukari, zile safu za nyumba za wafanyakazi, akalea watoto katikati ya Wajaluo, Wakisii, Wanandi na kila aliyefuata miwa. Debra alisikia lugha nne kabla ya kunywa uji, akazijibu zote. Mto wa karibu ulikuwa ukishuka mwekundu kila mvua ilipokolea. Mzee Wakhisi anasema binti yake alisimama siku moja kwenye daraja akauliza udongo ule wote ni wa nani, na unampelekea nani. Hakuna aliyekuwa na jibu la maana, basi akaenda kusoma ajijibu mwenyewe.

Tulikutana kwa sababu ya fremu. Aliingia karakana yangu na gambuti za matope, akaagiza fremu ya chuma ya mraba, mita moja kila upande. Watafiti huiweka fremu ya namna hiyo juu ya mimea, wakahesabu mabua yaliyo ndani yake. Mimi hilo sikulijua. Mtu akiniambia mraba wa chuma, mkono wangu wenyewe unaenda kwenye maua. Aliporudi kuichukua aliikuta imepakwa rangi ya buluu, na kila pembe ina ua limejikunja vizuri sana. Akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Bwana fundi, hii ni ya kuhesabu togo, si ya kaburi la chifu."

"Madam, hata togo inataka heshima," nikamjibu.

Togo ndiyo mafunjo, yale majani marefu yanayosimama majini kando ya ziwa, ambayo watu wetu husukia mikeka na viti. Debra alicheka mpaka akashika mlango. Angeweza kunirudishia fremu yangu, lakini aliichukua na maua yake. Ipo mpaka leo, na wanafunzi huigombea kwa sababu maua yale ni mahali pazuri pa kushika mkono ukiwa na matope. Nilivimba kichwa kwa ajili hiyo, na sijapona.

Sasa nieleze siku ya posa, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata. Kwa Wabukusu wa kina Debra na kwetu Wajaluo, jambo moja halina ubishi: mwanamume anayeoa hajisemei. Siku ya kwenda kwao, nilikaa kwenye kochi la Mzee Wakhisi, tai imenikaba, mdomo nimefunga, na Baba Mdogo Dishon ndiye aliyesimama kunisemea. Ni mateso. Mtu anakueleza mbele ya watu ukiwa umekaa pale pale, na huruhusiwi kumrekebisha hata neno moja.

"Kijana yetu," Baba Mdogo akasema, "akianza kazi haiachi katikati."

Nilitaka kukohoa. Karakana yangu wakati ule ilikuwa imejaa mageti nusu nusu. Lakini wazee wote walikuwa wamegeuka kunitazama, na Debra alikuwa mlangoni mwa jikoni akinitazama pia, basi nikanyoosha shingo nikakubali kuwa huyo mtu. Niliporudi Kondele niliyamaliza mageti yote. Ningefanya nini? Nilikuwa nimesemewa, ikabaki kazi ya kufanana na yale maneno.

Chuoni Debra alikuwa akifanya kazi na watafiti wawili. Wa kwanza ni Profesa Obonyo, mtaalamu wa mimea ya majimaji, mtu mrefu, mpole, anayezungumza na togo kwa upole kuliko anavyozungumza na wanafunzi. Wa pili ni Daktari Gakenia, mtaalamu wa samaki. Huyu alitoka Nyeri, mahali ambapo samaki mkubwa ni yule wa kwenye picha, na alipofika Kisumu watu walimcheka. Siku hizi hawamcheki. Ana sauti kali na kicheko kikali zaidi, na nimemwona akimbishia muuzaji pale sokoni kwamba ngege aliyemshika, yaani sato, ni wa jana.

Milango ya ofisi zao inatazamana. Hawakuwa na ugomvi. Walisalimiana kila asubuhi, wakaulizana habari za mvua, kila mmoja akaingia kwake akafunga. Huyu alikuwa na wanafunzi wake na boti yake, yule vivyo hivyo, na wote walikuwa wakienda ufuo ule ule, Siala, siku tofauti. Aliyekuwa akipita mlango huu na ule ni mke wangu peke yake.

Siala ni ufuo mdogo, mwendo wa pikipiki kutoka mjini. Mwenyekiti wa kamati ya ufuo ni Mama Benta Akinyi, mchuuzi wa samaki mwenye mikono mipana na subira fupi. Nyuma ya ukuta wa togo pale Siala kuna ghuba ndogo ya maji yaliyotulia, na Daktari Gakenia aligundua kwamba ngege huingia humo kuzaa. Ushauri wake ulikuwa kwamba wasivue ndani ya ghuba, watavua zaidi nje. Debra aliupeleka, wakajadiliana wiki nyingi, wakakubali. Mimi nikapewa kazi ya kutengeneza nguzo za chuma zenye vibao vya kuonyesha mpaka wa mazalio. Ndiyo, zina maua.

Msimu huo huo Profesa Obonyo naye alikuwa na ushauri. Togo ikiachwa izeeke, hailei machipukizi na haifai kwa mikeka. Ikatwe kwa mistari mirefu, kuanzia kwenye maji kuelekea nchi kavu, mstari ukatwe na mstari uachwe, nayo itachipua changa na nzuri. Debra aliupeleka huo pia. Wasukaji wa mikeka walifurahi, mapanga yakanolewa.

Kila ushauri ulikuwa mzuri. Hapo ndipo palipo na uchungu wake.

Mvua mbili baadaye, Daktari Gakenia alienda kuhesabu vifaranga wa ngege kwenye ghuba akakuta karibu hakuna. Akaandika ripoti kwamba watu wa Siala wamevunja ahadi, wanavua ndani ya mazalio. Profesa Obonyo alienda kutazama mistari yake akakuta togo haijarudi. Akaandika ripoti kwamba watu wa Siala wanakata nje ya zamu. Ripoti zote mbili zilisomwa mbele ya kamati ya ufuo wiki ile ile.

Mimi nilijua kwa sababu Mama Benta alikuja mwenyewe karakana yangu, na mkokoteni nyuma yake. Kwenye mkokoteni zilikuwa nguzo zangu, zimeng'olewa, zimefungwa kamba, matope yamekaukia kwenye maua.

"Absalom, bibi yako iko?"

"Yuko chuoni, Mama. Karibu kiti."

"Kiti ya nini? Shika nguzo zenu. Daktari ya samaki anasema sisi wezi. Profesa ya togo anasema sisi wezi. Chuo ni moja na imetuita wezi mara mbili! Yawa, hata polisi huita mara moja. Ambia nyar Muhoroni akuje na maneno moja, ama asikuje tena."

Nyar Muhoroni, binti wa Muhoroni, ndivyo wanavyomwita Debra huko. Aliporudi akazikuta nguzo zimelala sakafuni. Alikaa juu ya ile ya mbele, gambuti zikiwa bado miguuni, akaanza kukwangua matope kwenye ua kwa kucha.

"Absalom," akasema, "Siala wakinifungia mlango, hakuna ufuo mwingine utanisikiliza."

Alikuwa akisema kweli. Habari za ufuo mmoja hufika ufuo mwingine pamoja na samaki wa asubuhi. Miaka yote ile alikuwa amewazoeza watu kumwamini, mama kwa mama, mvuvi kwa mvuvi, akienda kwenye matanga yao na harusi zao. Na sasa ile imani yote ilikuwa imelala kwenye sakafu yangu imefungwa kamba ya katani. Niliumia mpaka nikashindwa hata kufanya mzaha.

Hakukaa na huzuni sana, si tabia yake. Wiki iliyofuata aligonga milango yote miwili chuoni, akawaambia Profesa na Daktari kwamba wanakwenda Siala siku moja, kwenye boti moja. Profesa akasema ratiba yake haimruhusu. Debra akamwambia atangoja ratiba, akavuta kiti. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya nguzo: kama zingerudi majini, ilifaa nijue matope yale yana kina gani.

Basi tukaingia kwenye mstari mmoja wa togo iliyokatwa, sisi wanne, boti ikiteleza bila kuguswa na jani, mpaka tukatokea ndani ya ghuba. Daktari Gakenia alisimama, boti ikayumba.

"Nani alitengeneza barabara hapa?"

"Si barabara," Profesa akasema. "Hayo ni majaribio yangu."

"Profesa! Boti inapita mpaka chumba cha uzazi! Umewafungulia mlango!"

Profesa alikuwa ameinama ubavuni mwa boti, kidogo aanguke, akishika kile kilichobaki cha mabua. Machipukizi yalikuwepo, mengi, mabichi, na yote yalikuwa yamevunjika, yamelala upande mmoja.

"Yanachipua," akasema polepole. "Yanachipua halafu yanavunjwa. Hayakatwi na panga. Hii ni kazi ya matumbo ya boti."

Mvuvi akiona njia wazi kwenye togo haulizi imekatwa kwa sababu gani, anapita. Na boti nyingi zilizopita hazikuwa hata za Siala, kwa sababu wenye Siala wanaijua ile mipaka. Zilitoka kokote, zikaona mlango. Njia ya Profesa iliwapeleka wavuvi kwa samaki wa Daktari, na samaki wa Daktari waliwavuta wavuvi kukanyaga togo ya Profesa. Kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya jibu la mwenzake, na milango yao inatazamana.

"Na mimi," Debra akasema, "nilileta ushauri wa barabara na ushauri wa chumba cha uzazi kwa watu wale wale, nikausifu wote. Tuko watatu kwenye kosa hili."

Nilipenda sana alivyosema tuko watatu. Palepale kwenye boti wakaanza kupanga, na nilishangaa jinsi ilivyokwenda haraka. Profesa akasema togo inaweza kukatwa kutoka nchi kavu. Daktari akauliza, je, ukiacha pazia la togo upande wa ziwa, nene kiasi cha boti kushindwa kupita? Profesa akasema pazia likiwa hai litajishikilia lenyewe. Debra akauliza wasukaji watapita wapi na mizigo. Walikuwa wakikatizana maneno kama watoto wanaogawana muwa, na boti ikijizungusha yenyewe kwa sababu hakuna aliyekuwa akipiga kasia isipokuwa mimi.

Lakini kupata jibu ni kitu kimoja, kulipeleka Siala ni kingine. Walikuja kwetu nyumbani Manyatta Jumapili kutayarisha maneno. Profesa alianza kila sentensi kwa neno mimi. Mimi niliona, mimi nilipendekeza, kosa halikuwa katika mbinu yangu. Daktari naye: data yangu ilikuwa sahihi, mimi nilionya. Wakaondoka kila mtu na zake. Debra akaupiga ugali wake tonge kwa hasira.

"Wakisema hivyo Siala, Mama Benta atatufukuza kabla ya dua ya kufungua."

"Wanaudhi," nikasema, mdomo umejaa. "Kama wachumba wawili waliokuja posa bila wazee, kila mmoja anajisemea."

Mkono wake ukasimama hewani na tonge.

"Baba, umesema nini?"

Nikarudia. Akaweka tonge chini, akainuka, akachukua simu. Mimi nilikuwa nalalamika tu, lakini naomba iandikwe kwamba ilitoka kinywani mwangu. Siku iliyofuata aliwaita wote wawili akawapa sharti: mbele ya Siala hakuna mtafiti atakayesema juu ya kazi yake. Daktari atasimama kuisemea togo ya Profesa. Profesa atasimama kuwasemea samaki wa Daktari. Na mwenye kazi atakaa kimya kabisa, asirekebishe hata neno.

Profesa alisema hilo halijawahi kufanyika katika fani yake. Daktari alisema ni wazimu, kisha akacheka, kisha akakubali.

Sasa mtu atasemeaje asichokijua? Ikabidi waulizane. Milango ile miwili ikawa wazi mchana kutwa. Wakafika mpaka karakana yangu kufanya mazoezi, kwa sababu chuoni waliwaonea haya wanafunzi. Daktari Gakenia alisimama mbele ya kundi la madirisha yasiyo na rangi akaeleza mizizi ya togo, na Profesa alikaa kwenye ndoo akijing'ata ulimi asimkatize. Siku nyingine ilikuwa zamu ya Profesa.

"Ngege mama hutaga mayai," akasema, "kisha huyachukua mdomoni. Huyalea humo mdomoni mpaka vifaranga waweze kuogelea." Akakatiza maneno, akamgeukia Daktari. "Na wakati huo anakula nini?"

"Hali," Daktari akasema. "Anafunga mdomo mpaka wawe salama."

Profesa akakaa kwenye ndoo. Alikuwa amefanya kazi kando ya samaki yule maisha yake yote, na nilimwona usoni kwamba sasa ndiyo anamfahamu. Kuanzia siku hiyo aliacha kusema samaki wa Gakenia. Alisema samaki wetu.

Mkutano ulifanyika kwenye banda la kupimia samaki, benchi zimeoshwa lakini harufu haikudanganyika. Mama Benta alikaa mbele, mikono kifuani. Daktari Gakenia akasalimu kwa Dholuo iliyopinda pinda, wakaitikia kwa adabu, kisha akaanza kueleza togo.

Mzee mmoja akapaza sauti: "Kwani Profesa amepoteza sauti?"

Watu wakacheka. Profesa akakaa vile vile, magoti pamoja, mdomo umefungwa, kama mimi kwenye kochi la Mzee Wakhisi. Daktari akaendelea. Akaeleza jinsi Profesa alivyopenda togo, kwa nini aliikata kwa mistari, alichotazamia kwa ajili ya wasukaji. "Mwenzangu aliandika kwamba mnakata nje ya zamu," akasema. "Hakuona boti. Sasa ameziona. Aliwaita jina ambalo si lenu, na mimi namwombea radhi."

Profesa Obonyo akasimama. Akaeleza ngege mama na mdomo wake uliofungwa, na nikaona akina mama wakitazamana. Akasema, "Huyu Daktari alihesabu vifaranga akakosa, na roho ikamuuma kama aliyepotelewa na watoto wake. Akawalaumu nyinyi. Alikosea njia, hakukosea uchungu. Namwombea radhi." Kisha akaeleza lile pazia la togo, na kukata kutoka nchi kavu.

Mama Benta alikuwa ameshusha mikono.

"Aa," akasema. "Hii ni kama ayie. Mmekuja kutuposa!"

Ayie ndiyo ile siku ya kwenda kuomba ruhusa kwa mama wa binti. Banda zima likalipuka kwa kicheko, na mimi nikajua tumevuka. Nilijidanganya. Mama Benta akainua mkono.

"Mmesema vizuri. Huyu amesemewa, huyu amesemewa. Na nyar Muhoroni je? Yeye ndiye alileta maneno ya kwanza na maneno ya pili hapa kwetu. Sisi tulifungua mlango kwa sababu yake, si kwa sababu ya chuo. Nani anamsemea?"

Debra aliinuka nusu. "Mama, mimi naweza—"

"Keti, nyathina. Sheria ni yako."

Akaketi, maana mtu akiitwa nyathina, mtoto wangu, habishi. Profesa na Daktari wakasimama pamoja. Mama Benta akawatazama kwa jicho la pembe. "Nyinyi ni wachumba. Mchumba anasemea mchumba mwenzake, sawa, lakini aliyewaleta anataka mtu wake. Kama hana, tunafunga mkutano, hatuwezi kujibu."

Nilimtazama mke wangu. Midomo imebanwa, mikono juu ya magoti, na macho hayakuinuka kutoka sakafuni. Sijawahi kumwona mdogo namna ile. Tulikuwa tumefikiria kila mtu isipokuwa yeye. Miguu yangu ilikwisha kusimama.

"Mimi ni Absalom Ondiek," nikasema. "Nyinyi mnanijua kwa nguzo. Sijui togo na sijui samaki, isipokuwa akiwa kwenye sahani. Lakini huyu namjua. Mtoto wenu akizaliwa, yuko hapa. Mzee wenu akilazwa, yuko hapa. Akitoka hapa analala na maswali yenu, mimi ndiye nayasikia, mpaka nimejua majina ya nyavu zenu. Profesa amewaambia habari za ngege mama. Leo Debra amekaa pale amefunga mdomo, na aliowabeba ndani yake ni nyinyi. Mimi nasema hajawahi kuanza kazi akaiacha katikati, na hii ya Siala hataiacha. Mkimpa mlango, mtamwona mvua ijayo, na mvua baada ya hiyo. Ni hayo tu."

Nikakaa. Mama Benta akasema na wenzake kwa sauti ya chini, wazee huku, wasukaji kule. Debra hakunitazama. Alikuwa akifuata sheria yake mpaka mwisho.

Kisha Mama Benta akageuka.

"Nguzo ziko wapi?"

"Nje, Mama," nikasema. "Kwenye mkokoteni."

Hapo ndipo Debra aliinua uso. Hakuna aliyeniambia nizilete. Nilizipaka rangi upya, nikaziongeza urefu kwa ajili ya yale matope, nikazibeba kwa sababu nilikuwa nimemwona akifanya kazi na sikuweza kuamini kwamba zitarudi Kondele. Watu wakatoka bandani kwa kelele, wavuvi wakabeba nguzo mabegani, Daktari akavua viatu, Profesa akakunja suruali mpaka magotini kwa uangalifu mkubwa.

Siku hizi pazia la togo limesimama, wasukaji wanaingilia upande wa nchi kavu, na vifaranga wamerudi. Daktari ataeleza vizuri zaidi, au tuseme Profesa. Wanafunzi wao sasa wanasimamiwa na wote wawili, na kila mwanafunzi lazima asimame kuisemea kazi ya mwenzake kabla ya kusema yake. Kamati za fuo nyingine zimemwita Debra zenyewe.

Lakini mimi hukumbuka zaidi ile saa ya nguzo. Debra alishika upande mmoja wa nguzo ya mwisho, mimi upande mwingine, maji yakitufika mapajani. Alitembea mbele yangu. Tulipoisimamisha alishika ua la chuma kwenye pembe ya kibao ili asiteleze.

"Uliwaambia siachi kazi katikati," akasema. "Hayo ni maneno ya Baba Mdogo Dishon."

"Sikuwa na mengine."

"Na si kweli. Niko na kazi nusu nusu kama tano hivi."

"Najua, Mama."

Akafikiri kidogo, akaishika ile nguzo kwa mikono miwili, akaisukuma matopeni kwa uzito wake wote.

"Basi itabidi nizimalize," akasema.